Karibu na Nini?

Neno karibu lina kazi mbili katika Kiswahili. Kazi ya kwanza ni kupima: kisima ki karibu na nyumba, Idi i karibu, mvua i karibu kunyesha. Kazi ya pili ni kufungua mlango: mtu hubisha hodi, huambiwa karibu, na aliyekuwa nje huwa ndani. Asili ya neno ni Kiarabu, na shina lililolizaa limezaa na ndugu zake. Takribani ni mmoja wao. Akraba, yaani jamaa wa nasaba, ni mwingine. Kwa hiyo umbali, makaribisho na ujamaa vimetoka katika tumbo moja.

Walakini neno lenye kazi nyingi lina hatari yake. Asemaye karibu bila kusema karibu na nini bado hajasema kitu. Hatari hiyo huonekana wazi siku msafiri achaguapo mahali pa kulala katika mji asiokaa. Huambiwa kwamba nyumba fulani ya wageni i karibu, naye huridhika, kana kwamba ukaribu ni sifa ya nyumba, kama rangi ya kuta zake au idadi ya vyumba vyake. Ukaribu ni uhusiano baina ya nyumba na haja ya mtu. Haja ikibadilika, ukaribu hubadilika vile vile, ingawa nyumba haikusogea hata shubiri moja.

Safari ndefu husamehe kosa la uchaguzi. Mtu akaaye mjini mwezi mzima, akiona amefikia mahali pabaya, huhama siku ya tatu, na hasara yake husahauliwa. Safari ya mwisho wa juma haina msamaha huo. Afikaye Ijumaa alasiri na kuondoka Jumapili asubuhi ana siku moja tu iliyo kamili, nayo ni Jumamosi. Tangu saa kumi na mbili ya asubuhi hata saa tatu ya usiku, siku hiyo ina saa 15. Akiwa amelala upande mmoja wa mji na haja yake iko upande wa pili, akaenda na kurudi mara mbili, na kila mwendo ukamchukua dakika 40 kwa kungoja daladala, kusimama katika foleni na kutembea, amekwisha kutoa dakika 160. Hiyo ni zaidi ya sehemu ya sita ya siku yake. Bei ya chumba huandikwa ukutani. Bei ya umbali haiandikwi popote, lakini hulipwa yote.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wenye matangazo ya nyumba za wageni hawasemi uongo sikuzote, ila hupima njia kwa dakika za gari lisilokutana na gari jingine. Hoteli iliyo Tengeru au Usa River hutangazwa kuwa ya Arusha, na mwenye tangazo ana haki yake, maana mkoa ni mmoja. Lakini mtu aliyedhani ataamka mjini huamka penye migomba, na mji ungali mbele yake. Kadhalika husemwa kwamba hoteli i karibu na uwanja wa ndege. Arusha ina uwanja wa Kisongo upande wa magharibi, na Uwanja wa Kilimanjaro uko mashariki, yapata kilometa 50 kutoka mjini. Asiyeuliza uwanja upi ameachiwa mji mzima katikati ya shaka yake.

Hata majina ya nyumba hizo yana mitego. Katika miji mingi ya Tanzania mtu asemaye kuwa anakwenda hotelini huenda anakwenda kula wali na maharage tu, wala hana nia ya kulala. Palalwapo kwa bei ya kadiri huitwa gesti, na juu ya mlango huandikwa nyumba ya kulala wageni. Lakini msemo ulio na maana kuliko yote haumo katika vibao. Msafiri akikutana na rafiki mjini haulizwi amelala hoteli gani. Huulizwa, “Umefikia wapi?” Kufikia ni kufika kwa mtu au mahali palipokusudiwa. Swali hilo hutaka kujua ni mlango gani uliopokea safari, na jibu lake humweleza aulizaye zaidi ya anwani.

Arusha ni mji mwema kwa kujifunza somo hili, kwa sababu una katikati nyingi. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, umesimama kaskazini, na autazamaye asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, hapotei njia. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka huko na kuukata mji. Wajerumani walijenga boma lao yapata mwaka 1900, nalo sasa ni makumbusho. Mji uliokua kando ya boma hilo, na kuendelea kukua chini ya Waingereza, ulipangwa kwa rangi za watu: Wazungu upande wa Themi, maduka ya Wahindi katikati, na Waafrika upande wa magharibi, ng'ambo ya Naura. Hoteli kubwa ilikuwa upande wa kwanza. Mwafrika aliyekuja mjini kwa kazi, kwa mashauri au kwa ugonjwa hakuuliza hoteli. Aliuliza jamaa yake anakaa wapi. Kufikia kwa ndugu kulikuwa mapenzi, na kulikuwa lazima pia, kwa kuwa mlango mwingine haukuwako.

Mgeni wa leo aulizaye katikati ya Arusha aghalabu huonyeshwa Mnara wa Saa. Husemwa kwamba mnara huo umesimama nusu ya njia baina ya Cairo na Cape Town. Kwa mtalii aendaye Serengeti jibu hilo linafaa. Kwa mpenzi wa historia ya Tanzania, katikati ni upande wa Kaloleni, penye Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwa ukumbusho wa mkutano wa Halmashauri Kuu ya TANU wa tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, na Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari ya mwaka huo. Kwa mwanafunzi wa ushairi, pengine katikati ni uwanja wa michezo ulio karibu na stendi kuu ya zamani, maana uwanja huo una jina la Sheikh Amri Abeid, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Kwa majaji, mawakili na mashahidi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, tangu 1995 hata 2015, katikati ilikuwa jengo la mikutano la kimataifa, AICC. Mahakama ilipofungwa, vyumba vilivyokuwa karibu na kazi yao vilikuwa karibu na kumbukumbu tu. Hakuna ukuta uliohama.

Daraja Mbili haimo katika hesabu ya watalii. Ni kata ya Jiji la Arusha iliyo upande wa magharibi na kusini ya katikati ya mji, jirani na Ngarenaro, Sombetini na Unga Limited. Majina hayo peke yake ni darasa. Ngarenaro ni neno la Kimaasai lenye maana ya maji meusi. Unga Limited ni jina la kampuni ya unga lililogeuka kuwa jina la mtaa. Na Daraja Mbili humshtua mwanafunzi wa sarufi, aliyefundishwa kusema madaraja mawili. Lakini watu wamelitia neno daraja katika ngeli ya nyumba mbili na njia mbili, na jina limeshika, wala halingoji ruhusa ya mwalimu. Nyumba huko zimesongamana. Vyumba vingi ni vya kupanga. Fundi cherehani, muuza mboga, kijana wa bodaboda na mama wa vitumbua hutumia kivuli kimoja kwa zamu. Mtu aendaye Daraja Mbili mwisho wa juma aghalabu haendi kutazama kitu. Huenda kwa mtu.

Na achukuliwe mama mmoja mtumishi wa serikali, akaaye Dodoma na mume wake na watoto wao wawili. Shangazi yake hukaa Daraja Mbili, katika vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mjukuu asomaye sekondari. Shangazi huyo ndiye aliyemlea mama huyu baada ya baba kufariki. Wakati wa masika aliteleza uani akavunjika mguu juu ya goti, akapasuliwa, akarudi nyumbani na fimbo. Mpwa wake alituma fedha kwa simu mara mbili na kupiga kila Jumapili. Kila Jumapili aliambiwa kwamba mguu unaendelea vizuri. Hatimaye aliona kwamba habari njema zilizofanana juma baada ya juma zilikuwa na dalili mbaya, akakata shauri la kwenda mwenyewe, pamoja na mumewe na watoto.

Safari yenyewe haina taabu ya zamani. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, aondokaye Dodoma alfajiri hufika Arusha alasiri ya siku ile ile. Taabu ilikuwa mahali pa kulala, nayo ilikuwa na majibu matatu.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mume. Alikuwa ameona katika simu hoteli iliyo upande wa Mnara wa Saa, yenye bustani, maji ya moto na chai ya asubuhi ndani ya bei. Alitaka watoto wauone mji, na nia yake ilikuwa njema. Jibu la pili lilitoka kwa mfanyakazi mwenzake mama huyu: gesti iliyo jirani na stendi, ya bei rahisi, ili Jumapili wasichelewe basi. Nalo lilikuwa na akili yake. Jibu la tatu hakulileta mtu. Mama mwenyewe alilikumbuka: palikuwa na gesti ndogo Daraja Mbili, mwendo wa dakika kumi kwa miguu hadi kwa shangazi, isiyo na bustani, wala jina lake halisikiki nje ya kata.

Hapo ndipo ukaribu ulipoonyesha sura yake ya pili. Kwa hesabu ya njia, gesti ya tatu ilizishinda zile mbili pasipo shaka. Kwa hesabu ya aibu, ilishindwa na zote. Mtu alalaye mbali, upande wa hoteli kubwa, huweza kuificha nyumba aliyofikia. Husema tulipita tu, husema mwenzetu alituandalia, na maneno huisha. Alalaye gesti katika mtaa wa shangazi yake huonwa na muuza mboga akitoka asubuhi. Kabla ya saa nne mtaa mzima hujua kwamba mpwa aliyelelewa na bibi huyu amekuja na familia yake, akaupita mlango wa mlezi wake, akalipa kulala kwa watu baki. Watu hawatauliza sababu. Watasema wamekosana.

Lakini kutokwenda gesti kulikuwa na gharama nyingine, na aliyelipishwa ni mgonjwa. Vyumba viwili vyenye kitanda kimoja kikubwa na kimoja kidogo haviwezi kulaza watu sita bila mmoja kutoa kitanda chake, na yule ambaye angekitoa kwanza alijulikana. Mithali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua kuwa kejeli kwa mgeni asiyeondoka. Ina maana nyingine pia: jembe humgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani, mwenye sehemu katika kazi na katika chakula. Mgeni wa mwisho wa juma huondoka kabla jembe halijatolewa. Hula, hulala, huaga, na nyuma yake huacha shuka za kufua. Mwenyeji mzima hubeba mzigo huo kwa furaha. Mwenyeji mwenye fimbo huubeba kwa furaha ile ile, na mfupa wake ndio ulipao.

Je, kulala mbali na jamaa ni kuvunja mila? Historia ya pwani haisemi hivyo moja kwa moja. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona desturi ya mji kuwapokea wafanyabiashara: vijana walikwenda na mashua hadi kwenye jahazi, kila mmoja na chakula kilichofunikwa, na yule aliyempa mfanyabiashara chakula alimtangaza kuwa mgeni wake. Mgeni alishukia kwa mwenyeji huyo tu, naye mwenyeji alisimamia biashara yake. Walakini msafiri huyo ameandika na jambo la pili, ambalo husahauliwa upesi: mtu aliyekuja mara nyingi na kuwajua wenyeji aliweza kufikia popote alipotaka. Yaani aliyefungwa na mlango mmoja ni mgeni asiyejulikana. Anayejulikana alikuwa na uhuru, na uhuru wake haukuhesabiwa kuwa dharau.

Nyumba za mawe za Lamu zina ushahidi mwingine. Humo mgeni aliwekewa sabule, chumba kilicho upande wa kiingilio, nje ya ndani ya wenyewe. Alikuwa chini ya ulinzi wa nyumba na karibu na chakula chake, lakini hakulala katikati ya wagonjwa, wazee na wanawake wa nyumba. Waliojenga hivyo walijua kwamba mgeni huhitaji kuwa karibu, na mwenyeji huhitaji kupumua. Mpangaji wa vyumba viwili Daraja Mbili hana nafasi ya kujenga sabule. Gesti iliyo mwendo wa dakika kumi yaweza kuwa sabule yake, kwa sharti moja: iwe imekubaliwa na mwenye nyumba. Sabule iliyochaguliwa na mgeni peke yake ni kukimbia.

Sharti hilo ndilo lililompa mama wa Dodoma ujasiri wa kupiga simu siku nne kabla ya safari, badala ya kungoja aulizwe mlangoni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo, shangazi. Tunakuja Ijumaa, mimi na baba watoto na watoto wote wawili. Nimefikiri tulale pale gesti, kisha mchana kutwa tuwe kwako.”

Palikuwa na kimya kirefu.

“Kwani nyumba yangu imebomoka?”

“Haikubomoka, shangazi. Ni mguu haujapona. Ukituona wanne mlangoni utatupa kitanda, wewe utalala mkekani. Nakujua.”

“Na nikilala mkekani, mkeka ni wa nani?”

“Ni wako.”

“Basi mwenye mkeka huulizwa?”

“Shangazi, nisamehe. Wewe ulipata kunilaza kitandani ukalala chini miaka mingapi? Sikukuuliza, nilikuwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, na nikikuacha ulale chini mguu huo, nitakuwa nimekuja kukuongezea maradhi. Tutakula kwako asubuhi, mchana na usiku. Gesti tutaipa usingizi tu. Mengine yote ni yako.”

Kimya cha pili kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza.

“Watoto watalala hapa.”

“Mmoja, shangazi. Yule mkubwa, na binamu yake, mkekani.”

“Haya, mmoja. Na majirani nitawaambia mwenyewe, wasije wakanitungia hadithi.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa ruhusa. Aibu ambayo mpwa aliiogopa ilihamishwa na mwenye haki ya kuihamisha, na gesti ikawa sehemu ya nyumba.

Haifai kusifu mahali kupita kadiri yake. Maji ya gesti ile yalikuwa ya vuguvugu alfajiri na baridi saa nyingine zote, na Arusha, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,400, haina huruma kwa aogaye maji baridi mwezi wa Juni. Usiku wa Jumamosi baa ya jirani ilipiga muziki hata ukapita usiku wa manane, na mume alihesabu nyimbo badala ya kulala. Aliyetaka bustani hakuipata. Lakini Jumamosi asubuhi aliwachukua watoto kwa daladala hadi Mnara wa Saa, wakatembea hadi Boma, wakatazama makumbusho, wakarudi adhuhuri na njaa. Mji ulizuriwa kutoka kwa shangazi. Shangazi hakuzuriwa kutoka mjini. Kwa miguu ya watoto njia ni ile ile, kwa moyo wa mwenyeji tofauti ni kubwa.

Faida ya ukaribu haikuja mchana. Ilikuja usiku huo wa Jumamosi, saa tatu ilipokwisha kupita. Chakula kilikuwa kimeondolewa, mtoto mdogo amesinzia mapajani mwa baba yake, na hapakuwa na mtu aliyetazama saa, kwa kuwa hapakuwa na daladala ya mwisho ya kuwahi. Mpwa alikuwa akimkanda shangazi mguu. Hapo bibi akasema, kwa sauti ya mtu asemaye habari ya hewa, kwamba siku mbili za kliniki zilikuwa zimempita. Kupanda bodaboda kulimuumiza, na gari la kukodi liligharimu fedha ambazo aliona afadhali zilipe ada ya mjukuu. Katika simu hakusema, kwa sababu katika simu mtu huulizwa hali, na jibu la hali ni njema.

Mgeni aliyekwisha kuvaa viatu haambiwi neno zito. Mwenyeji humwonea huruma, huona haraka yake, humfungia mboga na ndizi za njiani, na neno hubaki kooni. Mara nyingi ziara hupotea hivyo, hata katikati ya mapenzi, kwa sababu mgeni alilala mahali palipomlazimisha kuondoka kabla ya neno kuiva. Laiti familia ile ingalilala upande wa Mnara wa Saa, ingaliaga saa moja ya usiku kwa adabu zote, na ingalirudi Dodoma na habari kwamba mguu unaendelea vizuri. Jumapili, kabla ya basi, mume alikwenda kwa dereva wa bajaji wa mtaa, wakapatana bei ya kumpeleka bibi kliniki na kumrudisha, na fedha ikaachwa kwa mjukuu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mithali hiyo hutajwa kila siku kwa mzaha wa chakula. Kwa nyumba ile ilikuwa na maana yake yote.

Basi msafiri wa mwisho wa juma anufaike kwa kujiuliza mambo machache kabla ya kulipia chumba. Kwanza, karibu na nini? Kama hawezi kutaja mahali au mtu mmoja ambaye ndiye sababu ya safari, si hoteli asiyoijua, ni safari yenyewe. Pili, karibu saa ngapi? Njia iliyo fupi mchana huweza kuwa ndefu usiku, na iliyo kavu Januari huwa tope Aprili. Tatu, karibu kwa nani? Dakika kumi za kijana si dakika kumi za mzee wala za mama mwenye mtoto mgongoni. Nne, karibu kwa idhini ya nani? Swali hili ni gumu kuliko yote, wala ramani ya simu hailijibu.

Mwanafunzi aendaye kukusanya maneno na masimulizi ya wazee yuko katika hukumu ile ile. Mwenye haja na nyaraka alale karibu na nyaraka, maana milango yake hufunguliwa na kufungwa kwa saa. Mwenye haja na wazee alale karibu na wazee, maana milango yao hufunguka baada ya chakula cha usiku, wakati mgeni wa mbali amekwisha kwenda zake. Kazi nyingi zimepungukiwa, mwandishi akiwa hodari na lugha akiijua, kwa sababu kila jioni alikuwa na gari la kuwahi.

Hoteli kubwa hazina dhambi, na gesti ndogo hazina utakatifu. Mtu ajaye Arusha kupanda mlima, kuhudhuria mkutano au kupumzika na mwenzi wake baada ya mwaka wa kazi, ana haki ya bustani na maji ya moto, na afikie yalipo bila kuona haya. Ubaya ni kukopa haja ya mtu mwingine: kulala palipo karibu na vivutio kwa sababu ramani imepaandika kwa herufi kubwa, hali moyo umekuja kwa mtu ambaye jina la mtaa wake limeandikwa kwa herufi ndogo, au halikuandikwa. Ramani huonyesha nyumba zilizo karibu. Ni mwenyeji tu, mlangoni mwake au katika simu siku nne kabla, awezaye kusema karibu.